Kupima Damu, Shahawa na Mate Kutoka Eneo la Uhalifu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Doa jekundu sakafuni si damu mpaka maabara iseme hivyo, na maabara makini hailisemi hilo kwa kipimo kimoja. Kutu, rangi ya ukutani na juisi ya matunda hukauka zikawa na wekundu uleule unaoelekea kahawia. Kazi ya mkemia wa jinai ni kulipeleka doa hilo kutoka "huenda" hadi "ndiyo" bila kuruka hatua, na bila kulimaliza doa lenyewe njiani. Mwongozo huu ni wa wanaoanza kazi hiyo. Ni wa wapelelezi, mawakili na mahakimu pia, maana wao ndio wanaopokea ripoti za maabara na kuamua maisha ya watu kwa maneno yaliyomo.

Kabla ya hatua yoyote, tenganisha akilini mwako vipimo vya aina mbili. Kipimo cha awali ni cha haraka na rahisi: unadondosha kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, na rangi inabadilika. Kinakueleza kwamba doa linafaa kufuatiliwa, basi. Kipimo cha uthibitisho huchukua muda zaidi, lakini ndicho kinachokuruhusu kulitaja doa kwa jina. Makosa mazito ya fani hii huzaliwa pale rangi ya kipimo cha awali inapochukuliwa kuwa jawabu.

Kesi ya Chamberlain ya Australia ndiyo ningependa kila mwanafunzi aijue. Mnamo Agosti 1980 mtoto mchanga, Azaria Chamberlain, alitoweka kwenye hema la wazazi wake karibu na mwamba wa Uluru. Mama yake, Lindy, alisema amemwona dingo, yaani mbwa mwitu wa huko, akitoka hemani. Maabara ikaripoti kwamba ndani ya gari la familia kulikuwa na damu, tena yenye himoglobini (protini nyekundu ya damu) ya mtoto mchanga. Mwaka 1982 mama huyo akahukumiwa kifungo cha maisha. Baadaye ilibainika kwamba doa lililopulizika chini ya dashibodi, lililodaiwa kuwa damu ya mtoto, lilikuwa dawa ya kuzuia kelele iliyopuliziwa gari likiundwa. Hukumu ilifutwa mwaka 1988, na mwaka 2012 uchunguzi rasmi wa kifo ukathibitisha kwamba mtoto alichukuliwa na dingo. Nitairudia kesi hii kwenye hatua ya ripoti, kwa sababu kuna jambo jingine lililofanyika ndani yake ambalo halipaswi kufanyika tena.

Hatua ya 1: Jikinge, kisha ulikinge eneo dhidi yako

Majimaji ya mwili hubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini B na C. Kukauka kwa damu si usalama: virusi vya homa ya ini B vinaweza kubaki na uwezo wa kuambukiza nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Vaa glavu jozi mbili, barakoa, miwani ya kinga, vazi la kufunika mwili mzima na vifuniko vya viatu. Glavu za juu zibadilishwe kila unapohamia sampuli nyingine.

Barakoa ina kazi ya pili ambayo wengi huisahau. Mtu anapozungumza hurusha matone ya mate, na mate yana seli zenye DNA. Ukiinama juu ya doa huku unampa mwenzako maelekezo bila barakoa, tayari umeongeza mtu mmoja kwenye orodha ya watuhumiwa.

Uchafuzi unaweza hata kuingia kabla hujafika kwenye eneo. Kwa miaka kadhaa polisi wa Ujerumani, Austria na Ufaransa walimsaka mwanamke ambaye DNA yake ilipatikana kwenye matukio takribani 40, yakiwemo mauaji ya polisi mmoja mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikagundulika kwamba DNA hiyo ilikuwa ya mfanyakazi aliyeshughulikia vijiti vya pamba kiwandani. Vijiti vilikuwa vimesafishwa dhidi ya vijidudu, lakini kuua vijidudu si kuondoa DNA. Mwaka 2016 kikatoka kiwango cha kimataifa cha ISO 18385 kwa ajili ya vifaa vya kukusanyia sampuli za DNA. Kwa hiyo kabla ya kununua vijiti, uliza kama vinakidhi kiwango hicho, na uhifadhi wasifu wa DNA wa kila mfanyakazi wa maabara na wa kila anayeingia eneo la tukio, ili waweze kuondolewa kwenye hesabu.

Hatua ya 2: Tafuta kwa macho, kisha kwa mwanga

Anza na macho yako na taa nyeupe iliyolazwa pembeni, mwanga upite sambamba na sakafu. Madoa mengi hujitokeza hapo.

Kisha tumia taa ya mawimbi maalumu. Kwa shahawa, mwanga wa buluu wa karibu nanomita 450 ukitazamwa kupitia miwani ya rangi ya chungwa huifanya ing'ae waziwazi. Mate na mkojo hung'aa pia, ila kwa unyonge. Damu ni kinyume chake: haing'ai, inaumeza mwanga, hasa wa urujuani wa karibu nanomita 415, hivyo huonekana kama giza lililo zito kuliko mazingira yake. Nguo nyeusi ikikushinda, ipige picha kwa kamera ya infraredi. Rangi nyingi za vitambaa huonekana nyeupe kwenye infraredi, damu hubaki nyeusi.

Usisahau kwamba sabuni za kufulia, maziwa, mafuta ya kupaka na vingine vingi hung'aa vilevile. Mwanga unakuonyesha pa kupima tu. Tena usiung'ang'anize mwanga wa urujuanimno wa mawimbi mafupi juu ya doa, kwani huharibu DNA.

Hatua ya 3: Piga picha, chora, andika

Hakuna kinachoguswa kabla ya hili. Picha ya mbali, ya kati na ya karibu, ya karibu ikiwa na rula kando ya doa. Andika umbo la doa na mahali lilipo, maana mtaalamu wa michirizi ya damu atayahitaji hata baada ya doa lenyewe kuchukuliwa.

Hatua ya 4: Chukua sampuli bila kuiua

Adui mkubwa wa sampuli ya kibayolojia ni unyevu. Penye unyevu bakteria hustawi, na bakteria huimega DNA vipande vipande. Ndiyo maana fani hii inatumia mifuko na bahasha za karatasi, wala si plastiki. Plastiki hufungia unyevu ndani, na nguo iliyotoka eneo la tukio ikiwa na ushahidi mzuri inaweza kufika maabara ikiwa imeota ukungu.

Kitu kinachobebeka, kama shati, kisu au mto, chukua kizima. Doa lililo ukutani au sakafuni lichukue kwa njia ya vijiti viwili: cha kwanza kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi yaliyochujwa ili kulegeza doa, cha pili kikavu ili kukusanya maji yaliyobaki pamoja na seli. Vyote viwili ni sampuli moja, usikitupe cha pili. Kisha chukua kijiti cha tatu na kufuta sehemu safi iliyo jirani na doa. Hicho ni kidhibiti cha eneo. Siku utakapoulizwa mahakamani kama ukuta wenyewe, pasipo doa, usingetoa rangi ileile, kijiti hicho ndicho kitakachokujibia.

Kausha kila kitu kwa hewa ya kawaida, mbali na jua na bila mashine ya kukaushia. Nguo za mtuhumiwa na za mwathirika zisikaushwe chumba kimoja, wala zisifunguliwe mezani siku moja na mtu yuleyule. Ukivunja kanuni hiyo, matokeo mazuri ya DNA yatakayopatikana baadaye hayatakuwa na thamani, maana hakuna atakayeweza kuapa kwamba seli hazikuhama mezani pako.

Sampuli za mwilini mwa mtu aliyeshambuliwa zichukuliwe na mhudumu wa afya aliyefunzwa, kwa ridhaa ya mwathirika, na matibabu yaje kwanza. Avue nguo akiwa amesimama juu ya karatasi kubwa safi, na karatasi hiyo ikunjwe iwe kielelezo pia. Aelezwe kila kinachofanyika kabla hakijafanyika. Anayeona hili si kemia hajawahi kufikiria sampuli zinatoka wapi.

Kila bahasha iandikwe namba, mahali, tarehe, saa na jina la aliyechukua, kisha ifungwe kwa utepe wenye sahihi inayovuka mkunjo. Kuanzia hapo kila mkono unaokipokea kielelezo huandikwa.

Hatua ya 5: Damu

Vipimo vyote vya awali vya damu vinategemea tabia moja ya himoglobini. Ndani yake kuna kiini kiitwacho himu chenye madini ya chuma, na chuma hicho huchochea haidrojeni peroksaidi kuvunjika na kuoksidisha kitu kilicho jirani. Tunachofanya ni kuweka jirani hapo kitu kisicho na rangi ambacho kikioksidishwa hupata rangi.

Kinachotumika zaidi ni kipimo cha Kastle-Meyer, kilichoanza mwanzoni mwa karne ya 20. Kitendanishi chake hutengenezwa kwa kuchemsha finolfthaleini pamoja na unga wa zinki katika myeyusho wenye alkali mpaka rangi ya waridi ipotee kabisa. Huhifadhiwa kwenye chupa ya giza ndani ya jokofu, pamoja na zinki kidogo, ili hewa isikioksidishe. Utaratibu wake ni huu:

1. Pima kwanza tone la damu inayojulikana na karatasi safi. Damu ikikataa kutoa rangi, au karatasi safi ikitoa rangi, kitendanishi kimeharibika. Usiendelee.
2. Gusa ukingo wa doa kwa ncha ya karatasi ya kuchujia iliyokunjwa. Ukingo tu. Doa si lako peke yako.
3. Dondosha tone la ethanoli. Linasaidia kuzifungua seli.
4. Dondosha tone la kitendanishi, usubiri sekunde chache. Hapa rangi haitakiwi kuonekana.
5. Dondosha tone la haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Waridi likijitokeza papo hapo, matokeo ni chanya.

Hatua ya 4 katika orodha hiyo ndiyo yenye akili ya kipimo kizima. Waridi likitokea kabla ya peroksaidi kuwekwa, kuna kioksidishaji kingine kwenye doa, pengine dawa ya kung'arisha nguo au chumvi ya metali, na majibu hayo hayasomwi kuwa damu. Anayemwaga matone yote kwa pamoja ili awahi amejinyima taarifa hiyo. Muda nao ni sehemu ya kipimo: soma ndani ya sekunde 15 hivi, halafu tupa karatasi. Karatasi yoyote ikiachwa mezani dakika kadhaa itageuka waridi yenyewe kwa sababu ya hewa.

Vitu gani hukidanganya kipimo hiki? Mimea mingi ina vimeng'enya vya peroksidasi, viazi na figili vikiwemo. Chumvi za shaba na za chuma nazo zimo. Vimeng'enya vya mimea hufa kwa joto ilhali himu hustahimili, kwa hiyo kupasha sehemu ndogo ya sampuli kwenye nyuzi 100 za Selsiasi kwa dakika chache husaidia kuvitenga. Wanyama wote wenye himoglobini watatoa waridi lilelile, awe mtu, mbuzi au kuku. Zamani ilitumika benzidini, ikaachwa kwa sababu husababisha saratani. Ukikutana na chupa yake kwenye kabati la maabara kongwe, usiifungue. Itoe kwa utaratibu wa taka hatari.

Uthibitisho wa kizamani ambao bado una nguvu ni wa fuwele. Ludwik Teichmann alieleza fuwele za hemini mwaka 1853, na kipimo cha Takayama, kinachotumia piridini, kilifuata mwaka 1912. Unapasha kipande kidogo cha doa chini ya kioo cha hadubini, na fuwele za waridi zilizochongoka kama sindano zikijiunda, hiyo ni himu na si kitu kingine. Fuwele hazisemi kama ni damu ya mtu.

Swali hilo la mtu au mnyama lilipata jibu mwaka 1901, Paul Uhlenhuth alipoonyesha kwamba kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya protini za damu ya binadamu huganda zikikutana na damu ya binadamu, na haziitikii hivyo kwa damu ya mnyama wa mbali. Mwaka huohuo, kwenye kisiwa cha Rügen nchini Ujerumani, seremala Ludwig Tessnow alikamatwa kwa mauaji ya watoto wawili akidai madoa ya nguo zake ni rangi ya mbao. Uhlenhuth akapima na kutenganisha: madoa mengine yalikuwa damu ya binadamu, mengine ya kondoo. Leo wazo lilelile limo kwenye vijistripu vinavyofanana na vya kupimia ujauzito, vyenye kingamwili dhidi ya himoglobini ya binadamu. Unaloweka kipande cha doa kwenye kiyeyushi chake, unadondosha, unasubiri kama dakika 10, unasoma mstari wa kipimo na wa kidhibiti.

Kijistripu hiki kina mtego wa damu nyingi mno. Mstari hujitokeza pale himoglobini moja inaposhikwa na kingamwili mbili, moja iliyobeba rangi na nyingine iliyobandikwa kwenye mstari. Himoglobini ikizidi kupita kiasi, kila kingamwili hupata yake peke yake, mstari haujiungi, na majibu husoma hasi juu ya doa lililoloa damu. Kwa hiyo kijistripu kikisema hapana huku Kastle-Meyer ilikuwa imewaka waridi zito, zimua sampuli mara 10, kisha mara 100, urudie. Kumbuka pia kwamba baadhi ya vijistripu huitikia damu ya nyani na ya jamii ya vicheche.

Damu iliyofutwa isionekane tena hutafutwa kwa luminoli. Mng'ao wake ulielezwa na H. O. Albrecht mwaka 1928, na Walter Specht akapendekeza utumike kwenye uchunguzi wa jinai mwaka 1937. Luminoli ikichanganywa na alkali na peroksaidi, kisha ikakutana na chuma cha himu, hutoa mwanga wa buluu. Inaweza kugundua damu iliyozimuliwa zaidi ya mara 100,000, na huiitikia damu kuukuu vizuri kuliko mbichi, kwa sababu chuma chake kimeshabadilika. Chumba kiwe giza totoro, kamera iwe juu ya kigoda chake cha miguu mitatu kabla ya kupuliza, maana mng'ao hufifia upesi. Dawa ya klorini huwaka pia, kwa kimulimuli kikali kinachozimika haraka, tofauti na mng'ao wa damu ulio tulivu. Shaba huwaka vilevile. Luminoli kwa kawaida haiharibu DNA, lakini hulizimua doa na kulitiririsha, hivyo inakuja mwishoni, baada ya madoa yanayoonekana kuchukuliwa. Kupuliza luminoli juu ya doa unaloliona kwa macho ni kuharibu kielelezo.

Wapelelezi watakuuliza doa lina umri gani. Ni kweli himoglobini hubadilika hatua kwa hatua, na ndiyo sababu damu hugeuka kutoka nyekundu hadi kahawia. Lakini joto, unyevu na mwanga huendesha mabadiliko hayo kwa kasi tofauti. Usitaje siku wala saa kwa kuangalia rangi.

Hatua ya 6: Shahawa

Shahawa ina kimeng'enya cha asidi fosfatasi kwa wingi mkubwa, na kipimo cha awali hukitafuta hicho. Njia inayookoa ushahidi ni kulowesha karatasi kubwa ya kuchujia, kuibana juu ya nguo nzima kwa dakika chache, kisha kupulizia kitendanishi kwenye karatasi na si kwenye nguo. Kimeng'enya hukata fosfeti kutoka kwa alfa-nafthili fosfeti, kinachobaki kinaungana na rangi ya Fast Blue B, na zambarau inajitokeza. Chora mipaka ya nguo kwenye karatasi kabla ya kuiondoa, uweke alama ya juu na chini, la sivyo utakuwa na zambarau nzuri isiyojulikana ilitoka wapi. Inayotokea ndani ya sekunde 30 ina uzito. Inayokuja polepole yaweza kuwa ya ute wa ukeni, ambao una kimeng'enya hichohicho kwa kiasi kidogo. Hata baadhi ya mimea inacho.

Uthibitisho ni mbegu za kiume zenyewe chini ya hadubini. Zipake rangi mbili, nyekundu inayoshika vichwa na kijani inayoshika mikia. Mikia ndiyo hukatika mapema, kwa hiyo mara nyingi utaona vichwa pekee. Kuona kichwa kimoja kamili kunatosha kuthibitisha, ila kihakikishwe na mtaalamu wa pili kabla hakijaandikwa.

Kutoona mbegu si kusema hakuna shahawa. Mwanamume aliyefunga uzazi hutoa shahawa isiyo na mbegu, na wengine hawana mbegu kwa sababu za kiafya. Hapo tunatafuta kwa kijistripu PSA, protini ya tezi dume, au semenojelini, protini nyingine ya shahawa. PSA imo kwa kiasi kidogo sana kwenye mkojo wa wanawake na maziwa ya mama, kwa hiyo mstari hafifu usomwe kwa tahadhari. Kwenye mwili wa aliye hai PSA hupotea kwa siku moja au mbili hivi, ilhali vichwa vya mbegu vinaweza kupatikana hata baada ya siku 3. Kwenye nguo kavu vinakaa muda mrefu mno, na vinaweza kupatikana hata nguo ikiwa imefuliwa. Ninalisisitiza hili kwa sababu waathirika wengi huambiwa wamechelewa na nguo zao kukataliwa. Zipokelewe, zipimwe.

Hatua ya 7: Mate

Kinachotafutwa ni amilasi, kimeng'enya kinachovunja wanga. Karatasi maalumu yenye wanga uliofungwa kwenye rangi ya buluu hubanwa juu ya kielelezo. Penye amilasi wanga huvunjika na buluu huachiliwa. Njia ya kienyeji zaidi ya maabara ni jeli yenye wanga: weka dondoo la sampuli kwenye kishimo, acha usiku kucha, mwagia iodini. Jeli yote huwa buluu nzito isipokuwa duara jeupe kuzunguka kishimo, na upana wa duara unafuata wingi wa amilasi.

Amilasi imo pia kwenye kinyesi, na kidogo kwenye jasho, maziwa ya mama na ute wa ukeni. Vijistripu vya amilasi ya mate hupunguza shaka bila kuimaliza. Hivyo mate karibu kila mara huripotiwa kwa "huenda". Faida yake ni DNA: seli za ndani ya shavu ni nyingi, na kipisi cha sigara, ukingo wa kikombe au alama ya meno ngozini hutoa wasifu mzuri.

Mkojo, jasho na mengineyo

Mkojo hupimwa kwa yurea au kwa kreatinini, ambayo hutoa rangi ya chungwa ikikutana na asidi ya pikriki, njia aliyoieleza Jaffe mwaka 1886. DNA yake ni chache. Asidi ya pikriki ikikauka hulipuka, kwa hiyo chupa yake ikaguliwe kila mara iwe na unyevu. Jasho na ute wa ukeni havina kipimo cha awali cha kuaminika. Kwa damu ya hedhi, kutafuta kipande cha protini kiitwacho D-dimer kunasaidia kuitofautisha na damu ya jeraha, na katika kesi za ukatili wa kingono tofauti hiyo inaweza kuwa kesi yenyewe.

Maabara zenye uwezo sasa husoma RNA, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi ndani ya seli, kwa kuwa kila aina ya seli hutumia jeni zake. Wengine hutumia mwanga wa leza kwa njia ya Raman, ambayo hailigusi doa kabisa. Ninaipenda njia hiyo kwa sababu haili sampuli.

Hatua ya 8: Kutoka doa hadi mtu

Chembe nyekundu za damu hazina kiini, kwa hiyo DNA ya damu hutoka kwenye chembe nyeupe. Kila seli yenye kiini ina takribani pikogramu 6 za DNA, na PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, huzidisha kiasi hicho mpaka kisomeke. Himu huizuia PCR, na rangi ya nguo za jinzi vilevile, ndiyo maana usafishaji wa dondoo haurukwi.

Shahawa iliyochanganyika na seli za mwathirika hutenganishwa kwa njia iliyoelezwa mwaka 1985 na Peter Gill, Alec Jeffreys na David Werrett. Vichwa vya mbegu vina ganda gumu lililofungwa kwa vifungo vya salfa. Kimeng'enya cha kwanza hufungua seli za kawaida peke yake, DNA yake huondolewa, kisha huongezwa dithiothreitoli, kemikali inayovunja vifungo hivyo. Unabaki na DNA mbili kwenye mirija miwili. Kazi ya kundi hilohilo la wataalamu ilitumika kwenye mauaji ya wasichana wawili huko Leicestershire, Uingereza. Kijana aliyekuwa amekiri mauaji moja aliondolewa hatia kwa DNA ya shahawa kabla Colin Pitchfork hajahukumiwa mwaka 1988. Aliyefaidika kwanza na kipimo hicho ni mtu asiye na hatia.

DNA inasema ni nani. Haisemi ilitoka kwenye nini. Wasifu wa mtu kwenye blanketi unaweza kuwa umetoka kwenye chafya, jasho au shahawa, na hadithi tatu hizo ni tofauti kabisa mbele ya hakimu. Kwa hiyo kuruka vipimo vya majimaji na kukimbilia DNA moja kwa moja, kama baadhi ya maabara zinavyofanya ili kuokoa muda, ni kuiachia mahakama ijaze pengo kwa kubahatisha.

Hatua ya 9: Andika ripoti

Pima kila sentensi. "Doa lilitoa matokeo chanya kwa kipimo cha awali cha damu, uthibitisho haukufanyika kwa sababu sampuli ilikuwa ndogo." Hiyo ni sentensi ya kweli. "Doa ni damu ya marehemu" inahitaji kipimo cha awali, cha binadamu na DNA nyuma yake, na hata hapo utaje uwezekano wa kitakwimu badala ya uhakika. Matokeo yakiwa hasi, andika "haikugunduliwa". Usiandike "hakuna".

Eleza vidhibiti vyote ulivyotumia na majibu yake, hata vile vilivyoshindwa. Kisha hifadhi: picha za kila karatasi iliyobadilika rangi, maandishi yako ya mkono, dondoo zilizobaki, na sehemu ya doa ambayo hukuigusa. Kwenye kesi ya Chamberlain, sahani za vipimo zilizodaiwa kuonyesha damu ya mtoto mchanga zilikuwa zimeshaharibiwa kwa kufuata mazoea ya maabara, na wataalamu wa upande wa utetezi hawakuwa na kitu cha kuangalia. Acha angalau nusu ya doa kwa mtaalamu wa upande wa pili, na kama doa ni dogo kiasi kwamba kulipima ni kulimaliza, mjulishe mwendesha mashtaka na wakili wa utetezi kwa maandishi kabla ya kufungua bahasha.